Kiwanda cha alizeti kinahitaji nyapara wa mvuke

MSIMU wa alizeti ukifika, kuanzia Kondoa hadi Manyoni, mazungumzo ni yale yale: gunia linauzwa bei gani, nani ananunua, na lumbesa itakomeshwa lini. Ni mazungumzo ya haki. Lakini lipo jambo jingine linaloamua bei ya gunia hilo ambalo sijawahi kulisikia likijadiliwa sokoni Kibaigwa wala kwenye mikutano ya vyama vya ushirika. Nalo ni namna joto linavyoshikwa ndani ya kiwanda.

Mkulima atauliza, joto la kiwandani linanihusu nini mimi niliyeko shambani? Linamhusu sana. Mwenye kiwanda hununua alizeti kwa hesabu ya kurudi nyuma. Anaanza na bei atakayouzia lita ya mafuta. Anatoa gharama ya kuni na umeme, anatoa mafuta yaliyobaki ndani ya mashudu, anatoa madumu yaliyorudishwa na wateja kwa sababu mafuta yamefanya ukungu au yananuka kuungua, kisha anatoa faida yake. Kinachobaki ndicho anachompa mkulima. Hakuna hasara ya kiwandani inayoishia kiwandani. Yote hushuka hadi kwenye gunia.

Mwaka 2021 Serikali iliitaja mikoa ya Dodoma, Singida na Simiyu kuwa ya kipaumbele katika kilimo cha alizeti, ili nchi ipunguze kuagiza mafuta ya kula kutoka nje. Tangu hapo mbegu zimezungumzwa sana, na ushuru wa mafuta ya nje umezungumzwa zaidi. Kilichotokea ndani ya viwanda kimeachwa kama siri ya mwekezaji na fundi wake. Kwa mtazamo wangu hilo ni kosa, hasa kwa vikundi na wafanyabiashara wa kati wanaotaka kuvuka kutoka kukamua tu hadi kusafisha mafuta na kuyafunga kwenye chupa zenye nembo ya TBS. Mtu wa namna hiyo hukopa fedha nyingi. Muuza mitambo humwonyesha matangi yanayong'aa, mabomba na kabati la swichi lenye taa za kijani, naye huuliza maswali mawili: inatoa tani ngapi kwa siku, na bei gani?

Swali la tatu ndilo ninalotaka aulize. Joto la mafuta linadhibitiwa kwa mzunguko mmoja au kwa miwili?

Tueleze kwa lugha ya jikoni. Mama anasonga ugali kwa kuni. Akiwa peke yake, ana macho kwenye sufuria na mkono mmoja kwenye mwiko, halafu anainama kusukuma kuni. Upepo ukivuma na moto ukashuka, yeye hajui mpaka ugali uanze kupoa. Hapo anaongeza kuni nyingi kwa hasira. Sufuria huchelewa kupata joto, anaongeza tena, na baada ya dakika chache ugali unaungua chini. Huo ndio mzunguko mmoja wa udhibiti: kipimajoto kimoja ndani ya mafuta, valvu moja ya mvuke, na kifaa kimoja kinachofungua na kufunga.

Sasa mpe mama huyo mtoto wa kuchochea moto. Mama haangalii kuni tena. Anaangalia ugali na kusema, "Nataka moto wa wastani." Mtoto haangalii ugali. Kazi yake ni moto tu. Upepo ukivuma, anasukuma kuni kabla sufuria haijahisi kitu. Ukuni mbichi ukitoa moshi, anaubadilisha. Mama hata hajui kwamba palikuwa na upepo. Mafundi wa viwandani huuita mpango huo udhibiti wa kaskedi: kidhibiti cha nje kinaangalia bidhaa na kutoa agizo, na kidhibiti cha ndani kinapokea agizo hilo na kupambana na vurugu za mvuke au maji. Agizo la wa nje ndilo lengo la wa ndani. Wenye mashamba makubwa wamefanya hivyo siku zote. Tajiri anamwambia nyapara eka tatu zipaliliwe leo, na nyapara ndiye anayejua nani hakufika kazini na nani jembe lake limevunjika.

Mpango huu si mpya. Wamarekani John Ziegler na Nathaniel Nichols walichapisha kanuni zao za kurekebisha vidhibiti mwaka 1942, na kuweka kidhibiti kimoja juu ya kingine ni jambo la kawaida katika viwanda vya dunia kwa miongo mingi. Hata mfanyabiashara aliyenunua inveta nzuri ya kuendeshea mota tayari anao bila kujua: ndani ya kile kiboksi kuna mzunguko wa kasi unaotoa maagizo kwa mzunguko wa mkondo wa umeme. Tatizo ni kwamba kwenye matangi na mabomba haliji bure. Inabidi mnunuzi alidai.

Kwa nini nasema kiwanda cha alizeti cha kanda yetu kinalihitaji kuliko kiwanda kingine? Kwa sababu ya boila. Boila inayotumia dizeli au gesi hutoa mvuke unaokaribia kuwa sawa saa zote. Lakini mwenye akili hapa kwetu atachoma maganda ya alizeti au kuni, maana dizeli itammaliza. Maganda hayawaki sawasawa. Mengine ni makavu, mengine yamenyeshewa. Mlango wa tanuru unafunguliwa kila mara kupakia, na hewa baridi inaingia. Chombo kingine upande wa pili wa kiwanda kikifungua mvuke wake, presha inashuka kwa wote. Kwa mzunguko mmoja, kila mshuko huo lazima kwanza upoze mafuta ndipo kifaa kijue kuna tatizo, na tani kadhaa za mafuta hazibadilishi joto kwa dakika moja. Taarifa inafika imechelewa, na dawa inatolewa kwa ugonjwa uliokwisha kupita.

Kwa mizunguko miwili, kidhibiti cha ndani kinapima presha au kiasi cha mvuke kwenye bomba lenyewe. Presha ikishuka, kinafungua valvu palepale, kwa sekunde. Mafuta hayapati habari. Hiyo ndiyo tofauti yote, na kwa boila ya maganda ni tofauti kubwa.

Kusafisha mafuta ya alizeti kunapita hatua kadhaa, na karibu kila moja ina joto lake. Mafuta ghafi huondolewa utomvu, asidi hupunguzwa kwa magadi makali, rangi huondolewa kwa udongo maalumu yakiwa na joto la nyuzi 90 hadi 110 hivi katika chombo kilichonyonywa hewa, na harufu huondolewa kwa joto kali zaidi, nyuzi 220 hadi 250. Katika hatua hiyo ya mwisho joto likipungua harufu inabaki, na likizidi mno mafuta yenyewe huanza kuharibika na kujitengenezea kemikali ambazo wataalamu wa afya hawazitaki katika chakula. Mitambo mingi hapo hutumia mafuta maalumu ya kupashia joto badala ya mvuke, lakini kanuni haibadiliki: wa nje aangalie mafuta ya kula, wa ndani aangalie kinachoyapasha.

Hatua ninayotaka kukaa nayo, hata hivyo, si ya moto bali ya baridi. Ndiyo inayowaumiza wauza duka.

Kila mfanyabiashara wa mafuta ya alizeti anaijua aibu hii. Juni na Julai baridi ya Dodoma inaingia, na mafuta yaliyokuwa yanang'aa kama asali yanafanya ukungu chini ya chupa. Mteja anarudi akilalamika kwamba yamechakachuliwa. Mara nyingi hayajachakachuliwa. Ganda la mbegu ya alizeti lina nta, na mbegu ikikamuliwa pamoja na maganda yake nta hiyo huingia kwenye mafuta. Wakati wa joto imeyeyuka, haionekani. Wakati wa baridi inaganda. Haina sumu, lakini mteja halihitaji somo la kemia. Anataka chupa inayong'aa, na akiikosa anachukua mafuta ya nje.

Dawa yake ni kuyapoza mafuta kiwandani kabla hayajapozwa na hali ya hewa. Yanawekwa kwenye tangi lenye koti, yaani tangi lenye ukuta wa pili ambao ndani yake yanapita maji baridi. Yanashushwa pole pole mpaka chini ya nyuzi 10 au karibu na hapo, yanaachwa kwa saa nyingi ili chembe za nta zikue, kisha yanachujwa. Neno kubwa hapo ni pole pole. Yakipozwa kwa pupa, chembe zinakuwa ndogo sana na nyingi. Nyingine zinapenya kwenye kichujio, nyingine zinakiziba, na mafuta mazuri yanabaki yamenasa ndani ya nta kwenda kutupwa.

Mtambo wa mzunguko mmoja hauwezi kupoza pole pole hata ukiubembeleza. Kipimajoto kiko katikati ya mafuta mengi mazito. Kinaona bado ni moto, kwa hiyo kinafungua maji baridi yote. Koti linakuwa baridi kali, nta inaganda ukutani kama ukoko wa ugali, na ukoko huo unazuia baridi isifike katikati. Kipimajoto kinazidi kuona moto, valvu inabaki wazi. Baridi ikifika hatimaye, inapitiliza.

Weka mizunguko miwili. Kidhibiti cha nje kinasoma mafuta na kusema, "Sasa nataka maji ya kotini yawe nyuzi 14." Cha ndani kinahakikisha ni 14, hata kama mashine ya kupozea maji inawaka na kuzimika. Juu ya hapo unapata faida ambayo peke yake inalipa gharama: unaweza kumwekea wa nje mpaka, kwamba hata akiwa na haraka namna gani asiagize maji yenye baridi inayopita nyuzi kadhaa chini ya joto la mafuta yenyewe. Tofauti kati ya mafuta na koti inabaki ndogo usiku kucha, na chembe zinakua zilivyotakiwa. Kwa mzunguko mmoja mpaka huo huwezi kuuweka, maana hakuna anayepima koti.

Ndugu zetu wa zabibu wa Hombolo na Makutupora wanaweza kusoma aya hiyo wakibadilisha neno mafuta kwa mvinyo. Juisi ya zabibu inayochacha inajitengenezea joto lake yenyewe, na kwa jua letu haihitaji msaada. Chachu ikizidiwa na joto hufa na kuacha sukari, na harufu ya tunda huruka. Tangi lenye koti na mizunguko miwili hufanya kazi ile ile. Mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno yakija kwa pamoja kiwanda kisichoweza kushika joto la matangi yake hakina njia ila kupunguza mzigo kinaoupokea. Mkulima anayeambiwa leo tangi limejaa pengine anaambiwa ukweli nusu. Tangi lina nafasi, baridi ndiyo haitoshi.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya viwanda vikubwa vya Ulaya. Sikubaliani, lakini nusu ya hoja yao ni sahihi. Mwenye mashine moja ya kukamua iliyotoka SIDO au kwa fundi wa mtaani, anayepasha mbegu juani na kukamua gunia kadhaa kwa siku, hana haja ya kaskedi na asikubali kuuziwa. Anachohitaji ni kipimajoto kizuri, mbegu zilizokauka na kupepetwa vizuri, na macho. Hata kwenye kiwanda cha kati si kila mahali panastahili. Kama kinachodhibitiwa kinajibu haraka chenyewe, au kama kinachokilisha hakiyumbi, mzunguko wa pili ni mapambo. Sharti la msingi ni kwamba wa ndani awe mwepesi kuliko wa nje, mafundi wengi husema angalau mara tatu hadi tano. Mtoto wa kuchochea moto akiwa mzito kuliko sufuria, afadhali mama abaki peke yake.

Gharama nayo isemwe wazi. Mzunguko wa pili unaongeza kipimo kimoja na kidhibiti kimoja. Siku hizi kidhibiti kimoja cha kisasa kinaweza kufanya kazi ya vyote viwili, kwa hiyo kinachoongezeka hasa ni kipimo cha presha, cha mtiririko au cha joto la koti, na kazi ya fundi. Ukilinganisha na bei ya tangi lenyewe, ni fedha ya nauli. Ninaloogopa zaidi ya gharama ni mtu wa kuutunza.

Maana mizunguko miwili ikirekebishwa vibaya inagombana kama wake wenza. Kanuni ni kuanza na wa ndani. Wa nje anazimwa kwanza na kuwekwa kwa mkono, wa ndani anarekebishwa mpaka anatulia, ndipo wa nje anaruhusiwa kutoa maagizo. Fundi anayeanza na wa nje atahangaika siku tatu na kuondoka akisema mtambo ni mbovu. Kuna na ugonjwa mwingine unaotokea usiku, zamu ya tatu. Opereta anaona valvu haimpendezi, anamweka wa ndani kwenye mkono na kwenda kunywa chai. Wa nje hajui. Anaendelea kuagiza: ongeza, ongeza, ongeza. Agizo linarundikana. Opereta akirudi na kumrudisha wa ndani kwenye otomatiki, anapokea madeni yote kwa mara moja, na valvu inafunguka hadi mwisho. Mtambo uliofungwa vizuri una njia ya kumwambia wa nje anyamaze wakati wa ndani yuko mkononi. Mtambo uliofungwa kwa haraka hauna, na opereta ndiye atakayelaumiwa kwa mafuta yaliyoungua.

Ndiyo maana ningependa kuona VETA na vyuo vyetu vya ufundi vikifundisha jambo hili kwa tangi la maji na jiko, si kwa ubao na chaki. Kijana wa Bahi au Mpwapwa anayejua kurekebisha mizunguko miwili kwa mkono wake hatakosa kazi katika kanda hii. Siku hizi viwanda vinaita fundi kutoka Dar es Salaam, ambaye reli ya kisasa iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imemleta karibu, lakini nauli, hoteli na siku za kiwanda kusimama bado ni za mwenye kiwanda. Na tumeshaona kwa nani hushuka.

Kanda hii ina kumbukumbu ya mitambo iliyotangulia vipimo. Mwaka 1947 Waingereza waliteremsha Kongwa matrekta ya kila namna, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa, ili walime karanga kwa ajili ya mafuta. Mvua ya Kongwa haikuwa imepimwa vya kutosha, na udongo wake ukikauka ulikuwa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mradi ulizikwa pamoja na pauni zipatazo milioni 36. Hakuna kikundi cha Chamwino kitakachopoteza fedha za kiasi hicho, lakini kupoteza mkopo wa benki wenye dhamana ya nyumba za wanachama kunatosha.

Kwa hiyo, wewe mwenyekiti wa kikundi au mfanyabiashara uliye kwenye mazungumzo na muuza mitambo, usibishane naye kwa maneno. Andikeni kwenye mkataba kwamba sehemu ya mwisho ya malipo itatolewa baada ya jaribio moja, likifanywa mbele ya wanachama, mtambo ukiwa na mafuta ndani na umekwisha tulia. Mtu aende kwenye boila apunguze presha ya mvuke kidogo, kwa makusudi, na kuiacha hivyo kwa robo saa. Wengine wabaki kwenye kioo cha mtambo wakiandika joto la mafuta kila dakika. Kisha mfanye vivyo hivyo upande wa baridi: zimeni mashine ya kupozea kwa dakika tano, muiwashe, mwandike. Kama joto la mafuta halikusogea zaidi ya nyuzi moja au mbili, lipeni na mshukuru. Kama lilishuka, likapanda, likapitiliza na kushuka tena, karatasi yenu ina ushahidi wote, na muuzaji arudi na fundi wake wakati fedha bado iko kwenye akaunti ya kikundi.